Nani Asikie Kwanza: Mitandao ya Kijamii, Vizazi Vyetu na Stara ya Nyumba

 

Nimeombwa nizungumzie mitandao ya kijamii na jinsi inavyobadili uhusiano wa watu, kuanzia wazee hadi wajukuu. Mazungumzo haya kwetu yana njia iliyokwisha kukanyagwa sana: vijana wamepotea, simu zimewateka, zamani tulikuwa tukitembeleana. Sitapita njia hiyo. Nimo katika magrupu ya ukoo, ya harusi, ya misiba na ya waliosoma pamoja, na ninayoyaona humo yananifanya niseme kwamba stara za watu zinavuliwa na wazee kama zinavyovuliwa na vijana, na mara nyingi wazee ndio wanaotangulia.

Nianze na redio. Wengi humu mnayakumbuka matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Wakati wake ukifika, nyumba nzima ilinyamaza. Mtangazaji alisoma kwamba fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, kwamba mazishi yatafanyika kijijini, kisha likaja lile neno lililotufanya wote tusogeze sikio: habari ziwafikie. Hapo majina yalifuatana, fulani wa Songea, fulani wa Kigoma, fulani wa Tanga. Nchi nzima ilisikia nani kafiwa, ana ndugu wangapi, na wako wapi. Habari ya ndani kabisa ya nyumba ilianikwa mbele ya mamilioni ya watu, na sijapata kumsikia mfiwa aliyelalamika kwamba ameingiliwa.

Hakulalamika kwa sababu tangazo lile lilikuwa na mwenyewe. Jina la anayetangaza lilitangulia. Mtu huyo alikuwa ameandika, au ameandikiwa, akalipia. Na kabla habari haijafika redioni, nyumba ilikuwa imekwisha kukaa na kuamua nani afuatwe kwa miguu na nani ataisikia hewani. Mama wa marehemu alitumiwa mtu mzima, akaingia, akaketi, akaomba maji, akatafuta pa kuanzia. Aliyekuwa safarini alingojwa afike, akoge, ale, ndipo aambiwe. Tangazo nalo likisha kusomwa lilikwisha. Hakuna aliyelifukua miaka mitatu baadaye akamwonyesha mwenziwe.

Hoja yangu ya leo imo humo. Sisi hatukuwahi kuishi kila mtu na kitasa chake. Tumekulia nyumba za vyumba sita na ua mmoja, tumelala watoto wanne kitanda kimoja, ugonjwa wa mmoja ulijulikana na mtaa. Tulichokilinda ni mpangilio. Habari ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyejua nani aisikie kwanza, nani aisikie baadaye, na nani asiisikie mpaka anaingia kaburini. Mitandao imeuvunja mpangilio huo, na kila kizazi kimeumia mahali pake.

Tazameni barua. Posta yetu haikuwa na desturi ya kugonga milango. Barua ilikuja kwa sanduku la posta la shule, la misheni, la duka la mtu anayefahamika, ikapita mikono mingi hadi kumfikia bibi asiyejua kusoma. Hapo akaitwa mtoto wa darasa la tano. Mtoto huyo alikuwa na kazi kubwa kuliko tunavyodhani, maana alilazimika kujua mstari upi wa kuusoma kwa sauti na mstari upi wa kuukalia mpaka wageni waondoke. Baba yuko Muscat, anaandika kwamba fedha alizotuma ni za bibi peke yake, ami asijue, na ami huyo ameketi hapo hapo mkekani. Mtoto anasoma salamu, anasoma habari za afya, anaruka, anamalizia na wasalaam. Jioni anaitwa jikoni kusoma kilichobaki. Alifundishwa hivyo kwa jicho na kwa finyo la paja. Leo mtoto wa umri ule anaifungua simu ya mama yake bila msaada wa mtu, na anaijua kuliko mwenyewe. Kilichokosekana ni mtu wa kumketisha na kumwonyesha mstari wa kuukalia.

Nisieleweke kama niliyekuja kulaani. Facebook ilianza mwaka 2004, WhatsApp mwaka 2009, na katika muda huo mfupi koo zilizotawanyika zimeshonwa upya. Familia za Unguja na Pemba zenye watu Muscat, Dubai, London na Toronto zilikaa miaka mingi zikitegemea barua ya mara moja kwa msimu, au kaseti iliyorekodiwa sauti na kupewa msafiri aibebe. Leo bibi anamwona mjukuu akiota jino la kwanza, siku ile ile. Mjukuu aliyezaliwa ugenini, Kiswahili chake cha kubabaisha, anajua walau kusema shikamoo bibi na kungojea marahaba. Na ujumbe wa sauti umewarudishia ulimi watu ambao karne nzima ya maandishi iliwanyamazisha. Mzee asiyeandika hata jina lake anabonyeza kidole na kusema dakika saba mfululizo, kwa utaratibu wake, anaanza na salamu, anauliza watoto, anauliza mvua, ndipo anaingia kwenye haja yake. Mjukuu wake anausikiliza ujumbe huo kwa kasi mara mbili. Hapo nasikitika kidogo, lakini anausikiliza.

Sasa nije kwenye maumivu, na nianze na kamati ya harusi, maana hakuna asiyeijua.

Zamani kadi ya mchango ililetwa kwa mkono, imefungwa ndani ya bahasha yenye jina lako. Uliahidi kiasi chako, mweka hazina akaandika daftarini. Daftari lilikuwa la kamati, na mweka hazina mwenye midomo miepesi hakuchaguliwa tena. Siku hizi grupu linafunguliwa, namba mia mbili zinaingizwa bila kuulizwa, na orodha inaanza kuzunguka. Mjomba wa bwana harusi, laki tano, tiki. Mama mdogo, laki mbili, tiki. Rafiki wa kazini, elfu hamsini, ahadi. Kila anapolipa mtu mmoja, orodha nzima inanakiliwa upya, inaongezwa tiki, inarushwa tena. Kwa hiyo yule wa elfu hamsini, ambaye mwezi uliopita kazi yake iliota nyasi na hajamwambia hata mkewe, anasomwa mara tatu kwa siku na watu mia mbili, wakwe zake wakiwemo, na neno lile "ahadi" limekaa mbele ya jina lake kama lilivyokaa wiki mbili zilizopita. Nimewaona watu wakikopa kwa riba ili wapate tiki. Aliyetengeneza orodha hiyo hakuwa kijana mtundu wa mitandao. Ni mtu mzima mwenye heshima zake, anayeamini kwamba anaweka hesabu wazi.

Au tumchukue shangazi, na kila ukoo unaye. Mpwa wake amelazwa. Shangazi anapiga picha cheti cha hospitali, jina, umri, majibu ya vipimo, vyote vinasomeka, anakirusha kwenye grupu la ukoo na maneno ya kuomba dua. Nia yake ni njema moja kwa moja. Anafanya alichofundishwa: mgonjwa ni wa wote, aombewe na wote. Lakini zamani "wote" walikuwa wale waliofika kitandani na kuinama. Sasa "wote" ni watu tisini, wamo wachumba wa binamu, wamo waliohamia Ulaya asiowajua hata kwa sura, na kila mmoja ana uwezo wa kukipeleka cheti kile kwingine kwa kubonyeza mara mbili. Mpwa anapotoka hospitali anaulizwa sokoni juu ya damu yake. Anajitoa kwenye grupu, na ukoo unamwita mwenye kiburi. Hadi mwaka 2022, WhatsApp ilikuwa inamtangazia kila mmoja kwamba fulani ametoka. Ndipo kampuni ikaweka njia ya kutoka kimya, anayejulishwa akiwa ni admini tu. Naamini mabadiliko hayo madogo yameokoa undugu mwingi.

Vijana wamefanya nini mbele ya hali hii? Wamejenga kuta. Kijana anaweka status, lakini kabla ya kuirusha anapita kwenye orodha na kuwaondoa shangazi, mchungaji, bosi na mama. Ana akaunti moja Instagram ya kuonekana na nyingine ya marafiki kumi na watano. Anatuma picha inayofunguka mara moja tu, anaweka ujumbe ujifute baada ya siku saba. Wazazi wakigundua wanasema ni unafiki, mtoto ana sura mbili. Mimi naona kinyume chake. Binti anayemwondoa shangazi kwenye status anafanya alichofanya bibi yake alipoinuka barazani, akaingia uani na mashoga zake, akavuta mlango. Bibi hakuwa mnafiki. Alijua maneno ya baraza na maneno ya ua. Kijana wa leo amezaliwa kwenye nyumba isiyo na ua, akajijengea wa kwake kwa vitufe.

Ukuta wake hata hivyo ni mwepesi, maana mwenziwe wa uani ana skrinshoti. Hapo ndipo kizazi hiki kilipoumia kuliko sisi. Kosa la ujana wetu lilikuwa na watu watano walioliona, wawili wamekufa, watatu wamesahau au wamesamehe. Kosa la kijana wa leo limehifadhiwa na tarehe na saa. Neno alilolisema akiwa kidato cha tatu linamngojea kwenye usaili wa kazi na kwenye kikao cha posa. Tuliwahi kuwa na haki ya kusahauliwa bila kujua kwamba ni haki. Kwa sababu hiyo siwalaumu wanaoweka ujumbe wa kujifuta. Wanatafuta kitu ambacho sisi tulipewa bure.

Walio chini yao wana hali ngumu zaidi. Wapo watoto ambao picha yao ya kwanza kutazamwa na watu mia tano ilipigwa wodini, kitovu hakijakauka. Wamekua hadharani: wakioga kwenye beseni, wakilia siku ya kwanza ya chekechea, wakichapwa, hata matokeo yao ya mtihani yameonyeshwa pamoja na namba ya mtihani. Hawakuulizwa na hakuna aliyedhani wanaulizika. Wazee wetu walikuwa wakimficha mtoto mchanga siku arobaini. Tulipoacha desturi ile tulidhani tunaacha woga wa jicho tu.

Mtaniuliza, sheria iko wapi? Ipo. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, ya familia yake na ya mawasiliano yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inayo ibara ya 31. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, Uganda nayo mwaka huo huo. Tanzania ilitunga yake ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Na zimeanza kuuma. Septemba 2023, ofisi ya kamishna wa data nchini Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo ilikitoza faini kilabu kimoja cha Nairobi kilichotumia mtandaoni picha ya mteja wake bila ruhusa. Nawapongeza. Lakini sheria ile ile ya Kenya inasema wazi kwamba haiyagusi mambo ya mtu binafsi ya nyumbani kwake. Ina maana inaishia mlangoni, na shangazi yuko ndani.

Pamoja na hayo, iko sehemu moja ambapo mambo ya ndani na ya kampuni yamefungamana, na hapa naomba vijana na wazee mnisikilize pamoja. WhatsApp ilipoenea, ilienea kwa kupitia orodha ya namba zilizomo simuni mwako. Mwaka 2014 Facebook iliinunua kwa takriban dola bilioni 19, ikiwa kampuni yenye wafanyakazi makumi machache tu. Thamani ile ilikuwa watu, na jinsi watu wanavyojuana. Wakaja wakopeshaji wa mtandaoni, nao wakaiona mali hiyo hiyo. Mtu anahitaji elfu thelathini ya dharura, anapakua programu, inamwomba ruhusa ya kusoma namba zake, anakubali kwa kuwa mtoto anaumwa. Akichelewa siku mbili, ujumbe unakwenda kwa mwalimu wa mtoto, kwa mama mkwe, kwa imamu, kwa mtu aliyeuziwa kitanda miaka minne iliyopita: mwambie fulani alipe deni. Nimeshika mkononi simu yenye ujumbe wa namna hiyo, na aliyeupokea alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu asiyejua programu ni nini. Kenya ilimtoza faini mkopeshaji mmoja kwa mchezo huo mwaka 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Angalieni nani alitoa ruhusa na nani aliaibika. Yule mzee hakukopa wala kukubali lolote. Ruhusa ilitolewa na mtu mmoja kwa niaba ya watu mia nne waliomo simuni mwake. Dunia ililiona jambo hilo mwaka 2018 kwenye kashfa ya Cambridge Analytica: watu wapatao laki mbili na sabini elfu waliweka programu moja ya maswali ya Facebook, na taarifa zilizovunwa zikawa za watu hadi milioni 87, kwa sababu ya urafiki tu. Wataalamu wengi wa Magharibi wanaizungumzia faragha kama chumba cha mtu mmoja, yeye na ufunguo wake. Kwetu sisi, na sasa nadhani hata kwao, faragha imekuwa mali ya ushirika. Nikiifungua yangu nimefungua yako.

Kama ni mali ya ushirika, basi ilindwe kishirika, na hili si la kubuni, lipo. Nendeni kwenye harusi za wanawake Mombasa, Lamu au Unguja. Humo ukumbini wanawake wamevua buibui, nywele zimetengenezwa, nguo za kifahari, wanacheza kwa raha zao. Kwenye harusi nyingi kadi yenyewe imekwisha kuonya: simu za kamera haziruhusiwi. Mlangoni amesimama somo wa bi harusi au binamu mwenye sauti, anakagua mikoba, anakusanya simu, anazitia kwenye mifuko yenye namba. Anayetaka picha anapigwa na mpiga picha mwanamke aliyekodiwa na wenye harusi, na picha ni zao. Bibi wa miaka themanini na binti wa kumi na sita wanatii amri moja. Hakuna bunge lililopitisha kanuni hiyo. Waliitunga wenyewe wanawake walipoona hatari, na wanaisimamia wenyewe, na mtu akiivunja anatolewa nje hata kama ni mke wa mkubwa. Katika yote niliyoyaona kuhusu faragha na simu katika pwani yetu, sijaona kanuni iliyosimama vizuri kuliko hiyo.

Kwa nini tusiwe na ya namna hiyo kwenye msiba? Kila mmoja wetu anamjua mtu aliyeona picha ya ndugu yake imewekewa mshumaa mtandaoni kabla hajapigiwa simu. Nimezungumza na mama aliyejua kwamba mwanawe amefariki baada ya watu kuanza kumtumia pole. Alidhani wamekosea namba. Aliyeanza kuweka picha ile alikuwa mpwa wa miaka ishirini, analia kweli kweli, hajui pengine pa kulilia. Sina haja ya kumtukana. Nauliza ni nani katika ukoo aliyewahi kumwambia kwamba msiba una mwenyewe, na kwamba kuna zamu. Ukoo ninaoufahamu, baada ya tukio kama hilo, umeandika kwenye maelezo ya grupu lake kanuni fupi: taarifa ya msiba au ugonjwa haitolewi na mtu yeyote mpaka mkubwa wa nyumba husika atume ujumbe wa sauti kwa kinywa chake. Sauti, isiwe maandishi, kwa sababu ndugu wanaitambua sauti ya mkubwa wao, na kwa sababu wakubwa wengine hawajui kuandika. Vijana ndio walioipendekeza.

Nimebakiza jambo moja ambalo sijaona bado ukoo ulioliweka sawa, nami nalileta kwenu ili tulizungumze.

Mtu akifa, kikao cha ukoo kinakaa, anateuliwa msimamizi wa mirathi, vitu vinaorodheshwa: kiwanja, pikipiki, cherehani, ng'ombe. Na simu. Simu inatakiwa haraka, maana ina fedha na ina namba za wadeni. Mtoto mkubwa anaomba neno la siri, anabahatisha mwaka wa kuzaliwa wa mdogo wake, inafunguka. Anachokikuta ndani si cha marehemu peke yake. Kuna rafiki aliyemwandikia juu ya ndoa yake inayovunjika, yuko hai, yuko nje kwenye turubai anapika chai ya waombolezaji. Kuna dada aliyekopa na kuomba isijulikane. Kuna maneno ya marehemu juu ya huyo huyo mtoto anayesoma. Barua za zamani zilikaa ndani ya sanduku, na mkubwa mwenye busara alizichoma bila kuzisoma. Facebook tangu mwaka 2015 inamruhusu mtu kumteua atakayeangalia ukurasa wake akifa, na mteule huyo hapewi kusoma jumbe zake. Wenye kampuni wamelifikiria. Wasia zetu, za Kiislamu, za Kikristo na za kimila, bado hazina mstari juu ya simu.

Nani aifungue? Akishaifungua asome mpaka wapi? Waliomwandikia marehemu wana haki gani ya kuulizwa? Mwenyekiti, naomba maswali yaanzie hapo, na waanze wazee.